Bega la Mama na Ndoo ya Maji

Katika makisio ya mradi wa maji wa Hombolo mmeona fungu la kujenga jukwaa la zege katika kila kituo cha kuchotea maji. Baadhi yenu mmeuliza kama fedha hizo zisingefaa zaidi kuongeza urefu wa mtandao wa mabomba. Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo ndani ya bega.

Bega limeundwa kwa mifupa mitatu: mtulinga kwa mbele, kombe la bega kwa mgongoni, na mfupa wa juu wa mkono. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, nacho kimeegemea kisahani kidogo kilicho pembeni mwa kombe. Nyonga ni tofauti. Pale kichwa cha mfupa wa paja kimezama kama mtwangio ndani ya kinu, hivyo ni imara lakini haigeuki sana. Bega ni kama chungwa juu ya kisosi. Ndiyo maana mkono hufika karibu kila upande, na ndiyo maana pia bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa cha mwili.

Kinachozuia chungwa lisianguke ni nyama zaidi kuliko mfupa. Misuli minne hutoka kwenye kombe, na kano zake hukizunguka kichwa cha mfupa na kukikaza mahali pake. Mtu akiinua mkono, msuli mkubwa wa nje ya bega huuvuta mfupa kwenda juu, nayo ile minne hukishikilia kichwa kisipande. Kombe nalo hutembea. Mkono ukiinuliwa hadi juu kabisa, yaani nyuzi 180, takriban 120 hutoka kwenye kiungo chenyewe na 60 hutokana na kombe kuteleza na kugeuka juu ya mbavu. Mwekee mwenzako kiganja mgongoni anapoinua mkono, utalihisi.

Juu ya kiungo hicho kuna ncha ya kombe iliyokaa kama paa, na chini ya paa hilo hupita kano moja katika nafasi nyembamba. Misuli ikichoka, kichwa cha mfupa hupanda na kano hubanwa. Ikibanwa hivyo kwa miaka huchakaa, na yaweza kuchanika. Mgonjwa huumia mkono unapofikia usawa wa bega, na usiku akilalia upande huo.

Sasa tuangalie ndoo ya lita 20, yenye kilo 20 za maji. Ikishatulia kichwani, bega halina kazi kubwa. Tatizo ni kujitwika peke yako kutoka chini, safari baada ya safari. Wakati wa mavuno mama huyo huyo ameshinda akipura uwele.

Tunakiri kwamba vituo vyetu vya kwanza tulivijenga bila jukwaa. Tulihesabu umbali na idadi ya kaya, hatukuhesabu kuinua. Mama mmoja, mzee wa kanisa, alituonyesha kwamba hawezi tena kujifunga kilemba. Bomba liko hatua chache tu kutoka mlangoni kwake, lakini maji huchotewa na mjukuu kabla ya kwenda shule.

Kwenye jukwaa la usawa wa kifua ndoo hujazwa ikiwa juu tayari. Mama huinama kidogo na kuivutia kichwani bila kuinyanyua. Koki nayo lazima ipandishwe, la sivyo zege hilo litakuwa kiti tu cha vijana jioni.

Kwa wanaoumwa sasa, waende hospitali mapema. Bega lisilotumika huweza kuganda, hasa kwa watu wa miaka 40 hadi 60 na wenye kisukari. Lililoteguka lisivutwe na jirani. Mkono ufungwe kwa khanga kifuani, mgonjwa apelekwe.

Kamati za sharika tunaziomba jambo moja kabla fundi hajaanza kazi: pimeni kimo cha wanaochota maji, na msisahau watoto. Huenda kituo kikahitaji majukwaa mawili, la juu na la chini.