Tovuti ya Afya Ikibadilishwa Sura, Wewe Kambini Inakuhusu Nini?

(Muziki wa kipindi unapanda, unashuka taratibu.)

Kama umeshika karatasi hii kwa sababu kipindi kilikupita hewani, au redio ya jirani iliishiwa betri, maneno ni yale yale.

Leo tunazungumzia tovuti, yaani zile kurasa unazofungua kwenye simu ukitafuta habari. Utasema hayo ni mambo ya watu wa ofisini. Subiri kidogo. Mtoto anaharisha tangu jioni, ni usiku, kituo cha afya kiko mbali. Mama anaazima simu ya shemeji yake yenye megabaiti chache, anafungua ukurasa wa shirika la elimu ya afya. Juu kabisa kuna picha kubwa ya wageni wakikata utepe. Chini yake historia ya shirika, halafu ujumbe wa mkurugenzi. Maelekezo ya maji ya chumvi na sukari yako chini kabisa, na kabla hajayafikia kifurushi kimekwisha.

Nasi tusije tukafanya kama tovuti hiyo. Maelekezo ni haya: maji safi na salama lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya chai, chumvi nusu kijiko kidogo cha chai, vijiko vyote viwe vya msawazo, visiwe vya mlima. Koroga, mpe mtoto kidogo kidogo, mara kwa mara, na anayenyonya aendelee kunyonya. Kama una pakiti ya ORS, tumia hiyo, na usome imeandikwa kiasi gani cha maji, kwa maana pakiti hazifanani. Mtoto akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au ukiona damu kwenye choo, usingoje asubuhi. Mpeleke.

Turudi kwenye tovuti. Ukurasa ule haukuwa na uongo wowote. Ulipangwa vibaya tu, na ndiyo maana mashirika huamua kuzifumua tovuti zao na kuzipanga upya. Jambo la kwanza ni uzito. Picha moja isiyopunguzwa inaweza kufika megabaiti 5. Ukiwa na kifurushi cha megabaiti 100, ukurasa wa uzito huo utaufungua mara 20, basi. Ukurasa wa maandishi na michoro midogo, wenye kilobaiti 100, utaufungua karibu mara 1,000. Mimi naona hesabu hiyo peke yake inatosha kuiondoa picha ya utepe.

Mfano ni shirika la Hesperian, lililoko jimbo la California, Marekani. Jina huenda hulijui, lakini kitabu chake labda umekiona kwenye zahanati: Mahali Pasipo na Daktari. Kilianza kwa Kihispania mwaka 1973, kutokana na kazi ya David Werner pamoja na wanavijiji wa milimani huko Mexico, kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1977, kisha kikaenda katika lugha nyingi. Leo habari zake zinasomwa kwenye intaneti, Kiswahili kikiwemo. Lakini kitabu hakigeuki kuwa tovuti kwa kukipakia tu. Faili la kitabu kizima ni zito, na mgonjwa mmoja hahitaji mamia ya kurasa. Kwa hiyo habari zinakatwa vipande, kila tatizo na ukurasa wake. Tena kitabuni habari za dawa ziko kwenye kurasa za kijani, unazipata hata kwa kutazama ukingo wa kitabu. Simu haina ukingo. Kazi ya rangi ile ya kijani sasa inabidi ifanywe na kisanduku cha kutafutia.

Hapo kwenye kisanduku ndipo maneno yanapoleta shida. Huko Uingereza, tovuti ya huduma ya afya ya taifa, NHS, iliamua kuandika mkojo na choo kwa maneno ya kawaida kabisa, hata yale ya watoto, kwa sababu kila mtu anayaelewa. Kwetu mmoja huandika kuhara, mwingine kuharisha, mwingine tumbo la kuendesha. Ukurasa uliojaa maneno ya hospitali peke yake hakuna atakayeupata.

Angalia pia tarehe. Juni 2020, Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake wa barakoa za kitambaa na kuzipendekeza kwa watu wa kawaida mahali palipokuwa na maambukizi. Aliyesoma ukurasa wa mwezi Machi alikuwa na ushauri wa zamani bila kujua. Tovuti nzuri huonyesha ukurasa ulipitiwa lini. Usipoona tarehe, muulize mhudumu wa afya kabla ya kusambaza.

Na simu ya kuazima je? Baadhi ya tovuti zinazozungumzia ukatili wa nyumbani zina kitufe cha kutoka haraka. Ukikibonyeza, unaonekana ukurasa mwingine kabisa. Lakini kitufe hicho kwa kawaida hakifuti kumbukumbu ya ulichosoma. Hiyo uifute mwenyewe kabla ya kurudisha simu.

Ikitokea siku shirika limekuja kwenye bloku yenu na simu, likakuomba utafute kitu kwenye tovuti yake mpya, usione haya ukishindwa. Sema umeshindwa, na uonyeshe ni wapi ulikwama. Anayepimwa hapo si wewe, ni ukurasa, na wakikusikiliza vizuri watarekebisha palepale ulipokwama.