Koki ya Hewa

Mtu anayeanza kuandika riwaya ya vijana inayotokea angani, kitu cha kwanza kumshughulisha huwa ni roketi. Afadhali aanze na koki. Katika kituo kinachoelea nje ya dunia hakuna pumzi ya bure: hewa inatengenezwa, maji yanachujwa na kurudishwa kwenye tangi, na lazima awepo mtu wa kufungua na kufunga. Mpe huyo madaraka yasiyohojiwa, na tayari unayo distopia, yaani hadithi ya jamii iliyopangwa vizuri sana kwa ajili ya kuwaumiza wengi walio ndani yake. Bunduki za mwanga na mashine zinazosema ni mapambo tu.

Kwa hiyo kijana wa Kilwa au Lindi anayetaka kuandika bunilizi ya kisayansi hana haja ya kuazima New York. Avuke tu kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani. Kisiwa hakina mto; watu waliishi kwa visima na mabirika. Na bado Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la mwanzoni mwa karne ya 14, lina bwawa la kuogea lenye pembe nane, juu kabisa, linakotazama bahari. Simama ukingoni mwake ujiulize maji yalipandishwa na nani, kwa vyombo vingapi, na nani aliyekuwa chini akisubiri zamu yake kisimani. Sura ya kwanza ya riwaya imo humo.

Halafu kuna upepo. Majahazi ya Arabuni yalishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na Kilwa ilikuwa karibu na ukomo wa safari ya msimu mmoja. Nahodha aliyejipeleka kusini zaidi, kuifuata dhahabu ya Sofala, aliweza kukosa upepo wa kumrudisha kwao. Kilwa ilitajirika kwa kukaa hapo katikati na kutoza ushuru. Wanaorusha vyombo kwenda Mirihi nao wana kaskazi yao: sayari hiyo na Dunia hukaa mkao unaofaa safari kila baada ya miezi 26 hivi, na anayekosa husubiri. Weka watu 3,000 huko juu, shehena ichelewe msimu mmoja, na mkuu wa bandari awe peke yake anayejua kilichobaki ghalani. Zimwi la nini tena?

Katika filamu, Wanuri Kahiu wa Kenya alijenga hadithi ya koki ya namna hii mwaka 2009 katika Pumzi, filamu fupi ya dakika 20 hivi. Haitokei angani, lakini watu wamejifungia ndani baada ya vita vya maji, na nje hakuoti kitu. Jasho linakusanywa, mkojo unachujwa ukanywewa tena, umeme unatokana na miguu ya watu wanaofanyishwa mazoezi kwenye mashine, na kuna vidonge vya kuzuia ndoto. Asha, mhifadhi wa makumbusho, anaoteshea mbegu kwenye udongo aliotumiwa, anaomba kibali cha kutoka, ananyimwa. Mvutano wote umo kwenye kibali kile. Hakuna anayepiga kelele.

Katika riwaya ya Kiswahili, aliyerusha chombo ni Katama Mkangi, mwanasosiolojia wa Kenya aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, enzi za Moi. Walenisi yake ilitoka mwaka 1995. Dzombo amehukumiwa kifo; anatiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani ili akafie huko, lakini anafika mzima kwenye nchi ya watu walio sawa. Jehanamu imebaki ardhini, pepo iko juu. Beth Revis wa Marekani, katika Across the Universe ya mwaka 2011, alifanya kinyume: binti anaamshwa kutoka usingizi wa barafu na kukuta merikebu ya anga inatawaliwa na mzee mmoja asiyeulizwa. Ujasiri wa Mkangi naukubali. Tatizo lake ni hotuba. Isitoshe, Dzombo ni mtu mzima, na msomaji wa miaka 15 atachoka na somo la usawa kabla hajampenda.

Ujana katika riwaya hizi una kazi yake. Mhusika amezaliwa ndani ya mfumo na kanuni zake anazijua kama jedwali la kuzidisha. Ufa unaanza siku anapofikia umri wa kupangiwa kazi na kuyaona mahesabu ya wakubwa. Pwani hii imejaa mahesabu ya aina hiyo. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliandikiana mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Chini ya Wajerumani, watu wa Umatumbi walilimishwa pamba kwa nguvu, maakida wakiwasimamia, hadi Julai 1905 walipong'oa miche huko Nandete na vita vya Majimaji vikawaka. Lihamishie shamba lile kwenye kituo cha angani, pamba iwe mwani: hata cheo cha akida hutahitaji kukibadilisha.

Riwaya nyingi za aina hii hulegea kwenye uasi wenyewe. Suzanne Collins hakulegea: katika mfululizo wa The Hunger Games, ulioanza mwaka 2008, Katniss anageuzwa alama ya mapambano, kisha anatambua kwamba hata viongozi wa waasi wanamtumia. Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani hii ya kusini, alikwisha kulishika jambo hilo mwaka 1969 katika tamthilia ya Kinjeketile. Mganga wa vita hivyo vya Majimaji anatoa maji ya kinga, neno linamtoka mikononi, watu wanakwenda nalo vitani yeye mwenyewe akiwa na shaka. Mwishoni, akiwa mateka, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa ajili ya watakaokuja.

Mwandishi wa angani atakutana na mtihani huo huo. Binti amegundua kwamba mtambo wa hewa ambao waasi wanautegemea ni mbovu, na alfajiri wanaingia vitani. Aseme au anyamaze? Mimi ningemfanya aseme, ila awe amechelewa sura moja.