Kompyuta za parokia zionane, lakini milango ilindwe

Katika ofisi nyingi za parokia zetu za Butembo na Beni siku hizi kuna kompyuta mbili au tatu: ya mchungaji, ya mwandishi na ya mhazini. Kila moja inaishi peke yake. Orodha ya ubatizo inabebwa kwa fleshi kutoka meza hadi meza, virusi vinapanda humo, na baada ya miezi michache kuna orodha tatu zisizofanana. Dawa ni kuziunganisha kompyuta hizo, na kazi yenyewe si ngumu.

Kwanza tutofautishe vitu viwili. Intaneti ni barabara ya kwenda mbali, na inaomba unite. Mtandao wa ndani ni njia ya kutoka chumba hadi chumba katika nyumba moja, na hauombi unite hata kidogo. Tunakumbuka kwamba kuanzia 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote kwa karibu siku 20. Ofisi yenye mtandao wa ndani inaweza kuendelea kupeana faili na kuchapisha barua hata katika siku kama hizo, mradi kuna umeme.

Kinachohitajika ni kisanduku kidogo kiitwacho ruta. Kompyuta huungana nacho kwa kebo au kwa Wi-Fi, nacho huipa kila moja namba yake, kwa mfano 192.168.1.10. Ipe kila mashine jina linaloeleweka, kama MWANDISHI au HAZINA.

Kisha Windows inataka kujua kama mahali hapo ni pa watu wote au pa nyumbani. Ofisini chagua « Réseau privé », na uwashe « Découverte de réseau » pamoja na kushirikiana faili na printa. Hotelini au kwenye sibakafe acha « Réseau public », ili wageni wasiione mashine yako. Sasa fungua dirisha la faili na ubonyeze « Réseau »: majina ya kompyuta nyingine yatatokea. Jina lisipotokea, andika \\MWANDISHI juu ya dirisha hilo, au namba ya mashine badala ya jina. Namba utaipata kwa kuandika ipconfig katika dirisha la amri za kompyuta hiyo. Wanaofuata maelezo ya zamani wasitafute « Groupe résidentiel », kwa kuwa Microsoft iliiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2018.

Lakini kuonekana si kufunguliwa. Nyumba ya jirani unaiona, ila huingii bila kubisha. Kwa kila folda, ingia « Propriétés », kisha « Partage », uchague nani aingie, na kama atasoma tu au ataandika pia. Wengi, kwa kukwepa usumbufu, huchagua « Tout le monde » na kuondoa neno la siri. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Tujiulize kilichomo katika folda zetu. Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamefukuza familia nyingi vijijini, na parokia zinazipokea. Tunaandika majina yao, kijiji walikotoka, nyumba wanamolala, namba ya simu. Tunaandika pia maneno ya mama aliyetendewa jeuri, aliyemweleza mchungaji peke yake. Na wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, tuliona jinsi jina la mgonjwa au la aliyepona lilivyoweza kumletea aibu mtaani. Iwapo neno la siri la Wi-Fi linajulikana na kwaya nzima, na folda iko wazi kwa wote, kijana mwenye simu uani anaweza kuifikia orodha hiyo. Na ikimfikia mtu mbaya, haiwezi kurudishwa.

Nehemia sura ya 7 inatufundisha jambo hili. Ukuta ulipokwisha, aliweka walinzi, akaagiza malango yasifunguliwe mpaka jua liwe kali. Katika sura hiyo hiyo tunasoma habari ya kitabu cha majina ya waliorudi kutoka uhamishoni. Malango na orodha ya watu vinakaa pamoja. Kuwatunza waliohama ni pamoja na kuyatunza majina yao.

Basi tufanye hivi. Folda ya ratiba na nyimbo iwe ya wote ofisini. Ya hesabu iwe ya mhazini na mchungaji. Orodha ya waliohama iwe ya wawili waliochaguliwa na wazee. Maandishi ya ushauri wa kiroho yasiwekwe kabisa kwenye mtandao. Badilisheni neno la siri ambalo ruta ilikuja nalo, na wageni wapewe Wi-Fi yao ya pembeni kama ruta inaruhusu. Mashine ya zamani isipoonekana, mtu atawaambia muwashe SMB1. Kataeni: kwa mlango huo virusi vya WannaCry viliingia katika kompyuta za nchi zaidi ya 150 mwezi wa Mei 2017.

Mwisho, wekeni nakala kwenye diski nje ya ofisi, maana kompyuta zilizoungana zinaweza kuibwa pamoja usiku mmoja. Baraza la wazee liamue nani ashike diski hiyo, na liandike uamuzi huo katika kitabu cha mikutano.