Nyabyeya: Mji wa Wapolandi Nchini Uganda

Katika wilaya ya Masindi, magharibi mwa Uganda, pembezoni mwa msitu wa Budongo unaosifika kwa mikangazi na sokwe wake, kuna mahali paitwapo Nyabyeya, ambapo wakati wa Vita Kuu ya Pili ulijengwa mji mdogo wa wakimbizi kutoka Poland. Wakimbizi hao hawakufukuzwa makwao na Wajerumani, kama mtu anavyoweza kudhani, bali wengi wao walitoka mashariki mwa nchi hiyo, eneo lililotekwa na Umoja wa Kisovyeti Septemba 1939, na kuanzia mwaka 1940 walisombwa kwa treni hadi Siberia na Kazakhstan kufanyishwa kazi za sulubu. Walipoachiliwa mwaka 1941, wanaume wenye nguvu waliingia katika jeshi la Wapolandi lililoongozwa na Jenerali Anders, nazo familia zilivushwa hadi Uajemi, kisha kuanzia mwaka 1942 zikaletwa kwa meli katika bandari za Afrika Mashariki. Ndiyo sababu Nyabyeya ulikuwa hasa mji wa wanawake na watoto, na baadhi ya watoto hao walikuwa yatima.

Wakazi waliishi katika nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi, wakawa na shule, hospitali na mashamba yao. Lakini kazi yao kubwa kuliko zote ni kanisa la Bikira Maria Malkia wa Poland, kwa kuwa watu waliojiona wapitaji tu walijenga nyumba ya ibada ya kudumu, inayotumiwa na Wakatoliki wa Nyabyeya hadi leo. Mji mwingine wa namna hiyo, Koja, ulikuwa kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, lilelile linalopakana na Bukoba na Muleba mkoani Kagera, Tanzania.

Vita ilipokwisha, mashariki mwa Poland palibaki mikononi mwa Wasovyeti, kwa hiyo wengi hawakuwa na kwao pa kurudi, wakahamia Uingereza, Australia na Kanada. Eneo la mji sasa lina Chuo cha Misitu cha Nyabyeya, na karibu na kanisa yamebaki makaburi ya wasioondoka. Msomaji wa Kagera asiyeweza kufika Masindi anaweza kuzuru makaburi ya Wapolandi wenzao huko Tengeru, karibu na Arusha, palipokuwa na makazi yao makubwa kuliko yote Afrika, yenye watu wapatao 5,000.