Je, Wajua? Rubani wa Meli na Ngazi Yake ya Kamba

Kontena likifika bandari kavu ya Ihumwa, mashariki mwa jiji la Dodoma, karatasi zake zinataja karibu kila aliyehusika nalo: mwenye mzigo, wakala, meli, forodha. Hazimtaji rubani. Simzungumzii wa ndege. Huyu ni wa meli, yule anayeifuata ingali nje ya bandari, akapanda, akaielekeza hadi gatini, kisha akashuka na kwenda kuipokea nyingine.

Je, wajua kwamba sheria zinazomhusu zinatungwa ambako maji ya chumvi hayaonekani kabisa? Sheria ya Bandari ya mwaka 2004, inayoipa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari (TPA) kazi ya kuongoza na kuvuta meli, ilipita Bungeni, na Bunge liko Dodoma. Ndivyo pia ile ya mwaka 2017 iliyounda TASAC, msimamizi wa usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara. Wizara yenye dhamana ya uchukuzi nayo iko Mji wa Serikali, Mtumba, jirani kabisa na Ihumwa, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Zanzibar ina mamlaka yake, ZMA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009.

Wengi hudhani rubani akishapanda, meli inakuwa yake. Sivyo. Anatoa maelekezo, usukani unazungushwa, injini inapunguzwa, lakini nahodha anabaki na dhamana yote, na akiona hatari ana wajibu wa kuingilia. Machi 23, 2021, meli ya makontena Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilipokwama Mfereji wa Suez na kuziba njia kwa siku sita, ilikuwa na marubani wawili wa mfereji. Nahodha bado ndiye aliyekuwa na dhamana. Mahali panapojulikana kwa kwenda kinyume ni Mfereji wa Panama, ambako rubani hukabidhiwa uongozi kamili wa meli.

Sasa tuje kwenye ngazi, maana hapo ndipo kazi hii inapotisha. Meli haisimami. Inapunguza mwendo tu na kugeuza ubavu ili kuikinga boti ya rubani na upepo na mawimbi. Rubani anasubiri boti ipande na wimbi, anashika kamba, anaanza kupanda. Akichelewa kidogo, boti inaweza kurudi juu na kumbana miguu. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, umeipangia ngazi hiyo masharti ambayo fundi wa nyumba angeona ni usumbufu: kila kidato kiwe na nafasi isiyopungua milimita 400 kati ya kamba za pembeni, nafasi kati ya vidato iwe milimita 310 hadi 350, vidato vinne vya chini vinaweza kuwa vya mpira, na kila baada ya vidato kadhaa kiwepo kirefu cha mita 1.8 kinachozuia ngazi isijipinde. Karibu yake liwekwe boya lenye taa inayojiwasha, na ofisa wa meli asimame hapohapo akiwasiliana na daraja la kuongozea. Kupanda kwa kamba kusizidi mita 9, kimo cha ghorofa tatu hivi. Ubavu wa meli ukiwa mrefu kuliko hapo, ngazi ya kamba huunganishwa na ngazi ya kawaida ya meli.

Utauliza kwa nini wasitumie lifti. Ziliwahi kuwepo mashine za kumpandisha rubani, lakini SOLAS imezipiga marufuku. Kamba na mbao vimeishinda mitambo, na mimi sioni ajabu: kamba huonyesha uchakavu wake waziwazi, kwa anayejali kuitazama. Marubani wanaofariki kazini mara nyingi hufia hapo ngazini.

Lango la Bandari ya Dar es Salaam ni jembamba na lina kona, na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Juu ya hayo, pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni inakatiza mlemle meli zinamopita. Abiria aliyechelewa kazini hulalamika pantoni ikisubiri meli ipite, lakini meli ya makontena haina breki, na njia ni hiyohiyo moja. Wembamba huo Wajerumani waliutumia kivita: Agosti 1914 walizamisha chelezo chao kinachoelea mdomoni mwa bandari ili manowari za Waingereza zisiingie.

Leseni je? Azimio A.960 la Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), la mwaka 2003, linataka rubani ajue vina, mikondo, maboya na taa za eneo lake, apimwe afya, na umahiri wake uhakikiwe upya angalau kila miaka mitano. Marekani humtaka mwombaji wa leseni ya shirikisho achore ramani ya njia yake kwa kumbukumbu tu. Azimio hilo linampa pia haki ya kukataa meli anayoona ni hatari, mradi aseme sababu. Kuna kingine kinachonifurahisha: rubani akizungumza na tagi, boti inayovuta meli, kwa lugha isiyoeleweka darajani, anapaswa kueleza mapema iwezekanavyo alichosema. Kwa hiyo akiwaambia wa tagi kwa Kiswahili "vuta kidogo", nahodha Mfilipino ana haki ya tafsiri.

Bendera yenye nusu nyeupe na nusu nyekundu maana yake rubani yumo melini. Usiku, boti yake huwasha taa nyeupe juu na nyekundu chini. Na marubani si wanaume pekee: Kenya, Elizabeth Marami ndiye anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini humo katika kazi hii.

Na hii si kazi ya juzi katika pwani yetu. Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa na marubani aliowachukua Msumbiji. Meli zilipogongana kidogo wakati wa kung'oa nanga, marubani hao walijirusha majini wakatoroka. Malindi alipewa mwingine. Vitabu vingi vilimtaja kuwa Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Kiarabu, lakini wanahistoria wengi wa leo wanalikataa hilo, maana waandishi wa Kireno wenyewe walimtaja kuwa mtu wa Gujarat. Meli za da Gama ziling'oa nanga Aprili 24, na Mei 20 zilikuwa Calicut, India.