Miguu ya Ndege na Kazi Isiyosifiwa

Wapo Wamarekani wanaojiundia ndege katika gereji za nyumba zao, na sheria ya nchi yao inawaruhusu, mradi sehemu kubwa ya kazi iwe imefanywa kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Ndege ikishasimama kwa magurudumu yake, majirani hushangilia. Mimi nashikilia kwamba mtihani wa fundi bado.

Chukua ndege aina ya RV-6, iliyobuniwa na Richard VanGrunsven wa Oregon. Miguu yake mikuu ni vyuma vya mviringo vinavyonepa inapotua. Chuma kama hicho hukinzana na hewa mara 10 hivi kuliko umbo la unene uo huo lililochongwa mfano wa tone, butu mbele na jembamba nyuma. Ndiyo maana mguu huvishwa ganda la faibaglasi.

Kulivisha ndiko kwenye kazi. Ndege huinuliwa hadi magurudumu yaache sakafu, kwa kuwa mguu uliobeba uzito hupinda, na angani haubebi kitu. Timazi huteremshwa kutoka puani na mkiani, mstari wa katikati ukachorwa sakafuni, kisha ganda likalinganishwa nao. Likipotoka kidogo tu, huwa kama bawa lililosimama wima: huivuta ndege kando, na rubani hukanyaga pedali safari nzima asijue mchawi wake ni nani.

Halafu huja msasa. Mabonde hujazwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na chembe nyepesi mno za kioo. Msasa nao hubandikwa kwenye ubao mrefu, maana vidole hufuata mabonde badala ya kuyasawazisha. Bandu bandu, jioni baada ya jioni. Rangi ya kwanza ikipakwa, vitundu vipya hujitokeza, na fundi huanza tena.

Kishawishi ni kwamba ndege huruka hata bila maganda hayo. Nazikumbuka stuli za mitihani ya 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985: ilitosha zisimame. Nani aliyepiga msasa chini ya kikalio?

Mwalimu wa fizikia na aning'inize mbele ya feni, kwa nyuzi mbili mbili, vijiti viwili vya unene na uzito mmoja, kimoja cha mviringo na kingine cha umbo la tone. Kisha akigeuze kidogo hicho cha pili, wanafunzi waone kitakavyokwenda kando.