Vipele vya Kisogoni Baada ya Kunyoa: Leza Husaidia Lini?

Wanaume wengi hutoka kwa kinyozi wakiwa nadhifu, kisha siku chache baadaye kisogo au kidevu kikajaa vipele vinavyowasha na kutoa usaha. Lawama humwangukia kinyozi, lakini mara nyingi tatizo huanzia kwenye nywele zenyewe.

Nywele zilizojisokota zikinyolewa karibu sana na ngozi, ncha zake hubaki kali. Zinapoota hujipinda na kudunga ngozi kama mwiba, nayo huvimba. Kisogoni, uvimbe usiotibiwa unaweza kugeuka makovu magumu yasiyoota nywele tena. Kutumbua vipele huongeza hatari hiyo.

Mwenye vipele anashauriwa kupumzika kunyoa kwa takriban mwezi mmoja, kisha aache nywele za angalau milimita 3 badala ya kunyoa kipara. Mashine isafishwe kwa dawa kabla ya kila mteja, kwa kuwa damu inaweza kusambaza homa ya ini aina ya B. Vipele visipopungua, mgonjwa afike kituo cha afya kilicho karibu apewe dawa inayofaa. Krimu kali za kununua bila ushauri wa daktari zinaweza kuharibu ngozi.

Dawa zikishindwa, daktari wa ngozi anaweza kupendekeza leza. Mwanga wake hunaswa na rangi ya nywele, hugeuka joto na kudhoofisha shina. Nywele zikiota chache na nyembamba, vipele hupungua.

Hata hivyo, rangi hiyo hiyo imo kwenye ngozi nyeusi. Leza isiyofaa inaweza kuunguza na kuacha madoa. Inayopendekezwa zaidi kwa ngozi nyeusi ni Nd:YAG, yenye mwanga wa nanomita 1,064, ambao hupenya chini zaidi. Matibabu hurudiwa mara kadhaa, kwa kawaida kila wiki 4 hadi 6, kwa sababu nywele hazioti zote kwa wakati mmoja. Leza haifai kwa mvi, wala haiondoi makovu makubwa yaliyokomaa.

Kwa mkazi wa Mashuuru, huenda hiyo ikamaanisha safari kadhaa hadi Nairobi. Kabla ya kulipa, aulize: leza ni ya aina gani? Anayeitumia amefunzwa kutibu ngozi nyeusi? Kliniki ina leseni ya Baraza la Madaktari, KMPDC? Asipopata majibu, asilipe.